Dokta, Marekani alipoingia Iraq nani alimuuliza?

Msomaji wa Mwanza kaniandikia, nafupisha: "Dokta shikamoo. Mimi na shemeji yangu tunakaribia kuacha kusalimiana kisa Ukraine. Yeye anasema Urusi ni mvamizi na Tanzania ilitia aibu kujizuia kupiga kura kule UN. Mi namwambia Marekani kaingia Iraq, kaingia Libya, nani alimuuliza? Nani alimwekea vikwazo? Leo sisi ndo tupangiwe wa kumlaani? Nipe jibu la kitaalamu nimpelekee. Na ile mahakama ya dunia kazi yake nini kama wakubwa hawaguswi?"

Marahaba kaka. Nitakujibu, ila sina uhakika kama ukimaliza kusoma bado utataka kumpelekea, maana lawama nimewagawia wote wawili.

Tuanze na hilo la nani alimuuliza. Aliulizwa, tena kwa kura zilizoandikwa. Mfano ninaoupenda ni Grenada, kisiwa cha Karibiani kilichokuwa na watu kama laki moja tu. Tarehe 25 Oktoba 1983 rais wa Marekani, Reagan, akashusha majeshi pale, siku sita baada ya waziri mkuu Maurice Bishop kuuawa kwenye ugomvi wa chama chake mwenyewe. Sababu alizotoa ni kwamba kuna wanafunzi wa Kimarekani wanasomea udaktari pale lazima waokolewe, na kwamba visiwa jirani vimetuomba tuje. Sasa zisome tena hizo sababu taratibu, tunalinda watu wetu na tumeombwa, afu kumbuka Moscow walisema nini kuhusu Donbas, kule mashariki mwa Ukraine.

Siku tatu baadae Baraza la Usalama likapigia kura azimio la kulaani uvamizi ule. Waliounga mkono 11, aliyepinga 1, waliojizuia 3. Yule mmoja ni Marekani mwenyewe na kura yake ni ya turufu, azimio likafa. Sasa ruka mpaka 25 Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuingia Ukraine, baraza lile lile, azimio la aina ile ile: 11 ndio, 1 hapana, 3 wamejizuia. Hesabu haijasogea hata kura moja! Mwaka 2022 waliojizuia ni China, India na Falme za Kiarabu. Mwaka 1983 walikuwa Togo, Zaire ya Mobutu na, shika kiti, Uingereza. Grenada malkia wa Uingereza ndo alikuwa mkuu wa nchi pale kikatiba, waziri mkuu wa Uingereza Thatcher alimpigia Reagan simu kumsihi asiingie, akaingia, na kwenye kura London ikakaa katikati. Kwaiyo mtu akikwambia kujizuia ni tabia ya Waafrika waoga mkumbushe hilo.

Baada ya turufu suala likaenda Baraza Kuu ambako hakuna turufu. Nchi 108 zikalaani, 9 zikapinga, 27 zikajizuia. Karibu miaka minne nyuma, Januari 1980, Msovieti alipoingia Afghanistan kura za kumlaani zilikuwa 104. Yani dunia ilimlaani Marekani kwa kisiwa kimoja kwa kura nyingi zaidi kuliko ilivyomlaani Msovieti kwa nchi nzima. Reagan alipoulizwa na waandishi kuhusu nchi zaidi ya mia kumpinga akajibu kwamba hilo halikumharibia kifungua kinywa chake hata kidogo.

Hapo sasa ndo ugomvi wako ulipo. Wewe unachanganya kulaaniwa na kuadhibiwa. Sheria ni moja, ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya nchi nyingine, haimtaji mtu. Kulaani kunafanyika mara nyingi tu. Kinachokosekana ni adhabu, kwa sababu adhabu inategemea nani ana benki, nani ana dola, nani ana turufu. Trafiki akisimamisha daladala na kuiachia V8 ya mheshimiwa ipite kwa spidi ile ile, una haki ya kumtukana trafiki, lakini dereva wa daladala bado alikuwa anakimbiza gari na abiria waliomo bado walikuwa hatarini. Shemeji yako nae anadhani trafiki alisimamisha daladala kwa uchungu wa sheria. Wote mmekosea mahali tofauti.

Nikupe na penye nguvu yako. Iraq 2003 kweli ni doa. Hakuna azimio la Baraza la Usalama wala la Baraza Kuu lililolaani uvamizi ule. Jumuiya ya nchi za Kiarabu ililaani, Kuwait peke yake ikakataa, na Kofi Annan, katibu mkuu wa UN wakati ule, mwaka mmoja na nusu baadae, Septemba 2004, akakiri kwenye mahojiano na BBC kwamba vita vile havikuwa halali kisheria. Basi. Na Mei 2003 Baraza la Usalama likapitisha azimio 1483 linaloitambua Marekani na Uingereza kama wakaliaji wa Iraq, kura 14 kwa 0. Mwenye nyumba kavamiwa afu mtaa mzima ukamwandikia mvamizi hati ya kusimamia nyumba.

Ila kuna kipande cha hadithi ile ambacho watu wetu hawakijui na kinatuhusu. Kabla ya vita, Februari na Machi 2003, Marekani, Uingereza na Hispania walikuwa wanasaka kura 9 ili wapate azimio la kuwaruhusu. Nchi ambazo hazikuwa zimesema ziko upande gani zilikuwa sita, na tatu kati yao ni za Afrika: Angola, Cameroon na Guinea. Guinea ndo ilikuwa mwenyekiti wa baraza mwezi ule wa Machi. Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa akazunguka nchi zote tatu, Marekani nao wakatuma mtu wao, kila mtu na bahasha yake ya ahadi. Na wakati huo huo shirika la ujasusi la Marekani likawaandikia wenzao wa Uingereza waraka wa kuomba msaada wa kuwasikiliza kwenye simu wajumbe wa baraza pale New York, wakiwemo wa hizo nchi tatu za Afrika. Tunajua kwa sababu mtafsiri mmoja wa lugha ya Kichina aliyekuwa anafanya kazi kwenye shirika la usikilizaji la Uingereza, Katharine Gun, aliuvujisha waraka ule na gazeti la Observer likauchapa tarehe 2 Machi. Alishtakiwa, kesi ikafutwa mwaka uliofuata. Kura hazikutosha, azimio likaondolewa tarehe 17 Machi bila hata kupigiwa kura, na siku tatu baadae mabomu yakaanza Baghdad. Kwaiyo ukiniuliza nani alimuuliza Marekani, jibu langu ni kwamba nchi kama Cameroon na Guinea hazikumpa muhuri, chini ya presha ambayo mimi na wewe hatuijui, na kwa sababu hiyo mpaka leo vita vile havina karatasi ya kuvihalalisha. Sio kitu kidogo hicho.

Libya sasa usinitajie kwa sauti kubwa hivo maana pale tulisaini wenyewe. Azimio 1973 la tarehe 17 Machi 2011 lilipata kura 10, hakuna aliyepinga, watano wakajizuia, nao ni Urusi, China, India, Brazil na Ujerumani. Zinahitajika 9 kupita. Kwenye zile 10 kulikuwa na Nigeria, Afrika Kusini na Gabon. Toa hizo tatu zinabaki 7, azimio linakufa pale pale, hata turufu haihitajiki! Urusi unayemtetea alikuwa na turufu mkononi, akajizuia. Siku chache baadae ujumbe wa Umoja wa Afrika ulitaka kuruka kwenda Tripoli kutafuta suluhu, ukanyimwa ruhusa ya kupita angani kwa sababu ya marufuku ya ndege ambayo kura zetu ziliipitisha. Azimio lilisema kulinda raia, NATO wakaligeuza kuwa la kumwondoa Gaddafi, huo ni ulaghai na sina neno laini la kuuita. Lakini usiniambie hatukuwepo.

(Pembeni kidogo: Gaddafi huyo huyo mwaka 1979 alimletea Idi Amin askari wapigane na askari wetu. Wazee wa Kagera wanakumbuka. Sisemi alistahili, nasema tu tusimfanye malaika.)

Haya tumgeukie shemeji. Yeye anadhani Magharibi walisimama na Ukraine kwa sababu ya kanuni. Mwambie afungue kura ya Baraza Kuu ya tarehe 24 Februari 2025, miaka mitatu kamili toka uvamizi uanze. Ukraine na Ulaya walipeleka azimio la kutaka Urusi aondoke, likapita kwa 93, waliopinga 18, waliojizuia 65. Kati ya wale 18 kuna Urusi, Belarus, Korea Kaskazini, na Marekani. Ndio, Marekani yule yule aliyekuwa anazunguka Afrika 2022 akituuliza kwa nini mmejizuia, rais kabadilika tu na kanuni nayo ikabadilika. Angalia pia ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Machi 2023 ilipotoa hati ya kumkamata Putin Biden akasema ni sahihi, Novemba 2024 ilipotoa hati ya kumkamata Netanyahu Biden yule yule akasema ni jambo la kuudhi, na aliyemfuata akawawekea vikwazo watu wa mahakama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na Ukraine yenyewe, tukisemana ukweli, ilipeleka Iraq askari zaidi ya 1,600 baada ya uvamizi, hawakuwa wanauliza maswali ya ibara ya 2(4) wakati ule.

Je, hilo linamsafisha Putin? Hapana hata kidogo, na hapa ndo naomba uniskilize vizuri kaka. Hotuba yake ya alfajiri ile ya 24 Februari 2022 aliorodhesha Belgrade (mji mkuu wa Serbia uliopigwa mabomu na NATO 1999), Iraq, Libya na Syria, akataja mpaka kile kichupa cha unga mweupe, akimaanisha Colin Powell alivyoinua kichupa mbele ya Baraza la Usalama Februari 2003 kuwatisha watu kuhusu silaha za Saddam ambazo hazikuonekana mpaka leo. Alivyomaliza kulalamika kuhusu hizo dhambi zote akasema nae anatumia ibara ya 51, haki ya kujilinda. Yani unafiki wa Marekani hakuutumia kusema uvamizi ni haramu, aliutumia kama leseni. Na wewe unapomjibu shemeji yako "mbona Iraq", unamwandikia Putin leseni ile ile bila kujua, na atakayeitumia kesho sio lazima awe wa mbali. Isitoshe Urusi alishasaini Budapest tarehe 5 Desemba 1994, pamoja na Marekani na Uingereza, kwamba ataheshimu mipaka ya Ukraine ili wao wakubali kuachia silaha za nyuklia zilizobaki kwao toka enzi za Msovieti. Wakaziachia. Nchi nyingine zenye hamu ya nyuklia zimeshajifunza somo lao hapo, na mi siwezi kuzilaumu sana.

Kuhusu Tanzania kujizuia. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura 141 kwa 5, waliojizuia 35, sisi tukiwemo pamoja na Uganda na Burundi. Kenya, Rwanda na Kongo walipiga ndio. Nchi za Afrika ziligawanyika, 28 ndio, Eritrea peke yake hapana, 17 wakajizuia na 8 hazikuonekana ukumbini. Kisheria kujizuia hakuna uzito wowote, theluthi mbili inahesabiwa kwa ndio na hapana tu, we unakuwa kama hukupiga. Kwaiyo shemeji anayesema tulimsaidia Urusi anakosea, na wewe unayesema tulimkomoa Marekani unakosea pia. Tulilinda ngano, mbolea, mafuta na mahusiano, na kwa serikali yenye watu wa kulisha hiyo ni sababu, sio ya kishujaa lakini ni sababu.

Sababu nisiyoikubali ni ile ya "Urusi ndo alitusaidia ukombozi". Aliyesaidia ni Umoja wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa ndani yake. Vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walifundishwa kijeshi Odesa miaka ya sitini, na kambi ya Perevalnoye iliyofundisha wapiganaji kibao wa Kiafrika iko Crimea. Madaktari na mainjinia wetu wangapi walisoma Kyiv na Kharkiv? Deni kama lipo basi tunadaiwa na wote wawili, na mmoja wao anapigwa mabomu na mwenzie.

Binafsi naona njia ya Kenya ilikuwa bora kuliko yetu, na nasema hivi mimi Mtanzania kwa maumivu. Usiku wa 21 Februari 2022 balozi wao Martin Kimani alisema mbele ya Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu Waafrika tulichorewa London, Paris na Lisbon bila kuulizwa, na bado tukaamua kuishi nayo badala ya kupigana milele kuirudia. Hiyo sehemu kila mtu aliisambaza. Sehemu ambayo watu wa Magharibi hawakuisambaza sana ni ya mwisho, alipolaani mtindo wa mataifa yenye nguvu, wakiwemo wajumbe wa baraza lile lile alilokuwa anahutubia, kuvunja sheria ya kimataifa bila kujali. Kawapiga wote kwenye hotuba moja. Inawezekana kumbe.

Sasa nikuletee mtihani wa karibu, maana Ukraine ni mbali na ni rahisi kuwa na msimamo kwa kitu cha mbali. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi letu liliingia Kampala. Amin ndo alianza, alivamia Kagera Oktoba 1978, hakuna ubishi. Lakini kutoka kumrudisha mpakani mpaka kuingia mji mkuu wake ni hatua nyingine kabisa kisheria, na Mwalimu alilijua hilo, ndo maana alisema kuna vita viwili, cha Waganda kumwondoa dikteta wao na cha Watanzania kulinda usalama wao. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Monrovia Julai ile Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema wazi wazi. Sisi tulivuka salama. Lakini Vietnam, aliyeingia Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia, Januari mwaka ule ule kuwaondoa Khmer Rouge waliokuwa wanaua watu wao kwa malaki, yeye aliwekewa vikwazo na China na Magharibi wakahakikisha kiti cha Cambodia UN kinaendelea kukaliwa na wauaji wale wale. Tofauti yetu na Vietnam? Vietnam alikuwa rafiki wa Moscow. Sisi hatukuwa tishio la mtu. Mi naamini vita vyetu vilikuwa vya haki, ila unafiki wa wakubwa siku ile ulitubeba, na ni vizuri kukumbuka.

Na Kongo je? Rwanda alipiga ndio Machi 2022 kulaani uvamizi wa Ukraine. Juni mwaka ule ule waasi wa M23 wakachukua Bunagana, mji wa mpakani mashariki mwa Kongo, na wataalamu wa UN kwenye ripoti ya Julai 2024 wakakadiria kuna askari 3,000 mpaka 4,000 wa Rwanda ndani ya Kongo. Kigali inakanusha, inasema inajilinda na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda waliojificha Kongo. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukaidhinisha yuro milioni 20 kwa jeshi la Rwanda kwa kazi yake Msumbiji, ukaongeza 20 nyingine Novemba 2024, na katikati hapo, Februari 2024, wakasaini makubaliano ya madini na Kigali. Goma ikaanguka Januari 2025, askari wetu wa kikosi cha SADC wakiwa huko huko, Bukavu ikafuata. Vikwazo vya Ulaya kwa majenerali wa Rwanda vilikuja Machi 2025. Kwa Urusi, vya vita hii vilianza kabla hata vifaru havijavuka, tarehe 23 Februari 2022. Mama wa Goma aliyelala na watoto chini ya kitanda risasi zikipita hajui tofauti ya ibara, lakini hiyo tofauti ya kalenda anaielewa.

Mwisho ile mahakama. Ya The Hague, ya kesi za nchi kwa nchi (sio ile ya Jinai), kazi inafanya, tatizo ni nani anatii. Mwaka 1986 iliamua Marekani alivunja sheria kwa kuwapa silaha waasi wa Nicaragua na kutega mabomu kwenye bandari zao, akatakiwa kulipa fidia. Akapiga turufu Baraza la Usalama lisimlazimishe, hakulipa hata senti, na 1991 serikali mpya ya Nicaragua iliyokuwa na urafiki nae ikaifuta kesi.

Kongo nae aliwashtaki majirani zake. Kesi ya Rwanda ilikwama 2006 kwa sababu mahakama ilisema haina mamlaka, Kigali haikuwa imekubali kushtakiwa pale. Kesi ya Uganda ikaenda mpaka mwisho. Uganda nayo ilisema ilikuwa inajilinda, mahakama ikakataa Desemba 2005, na fidia ikapangwa tarehe 9 Februari 2022, wiki mbili tu kabla ya Putin kutoa hotuba yake: dola milioni 325, ambapo 225 ni za watu, 40 za mali na 60 za maliasili zilizoibwa. Kongo alikuwa ameomba zaidi ya bilioni 11. Zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila Septemba, na Uganda akalipa awamu ya kwanza mwaka ule ule.